Shamba la Kimo cha Kiti

Sikuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Alimiminiwa, akapuliza, akapiga mafunda mawili, kisha jicho lake likanasa kitu: jani lililojikunja, mfereji ulioziba, mtoto wa mpangaji aliyekanyaga asipotakiwa. Hapo alinyanyuka. Jioni tulikuwa tukiokota vikombe vyake kwenye kuta za vitanda vya mboga, chai imeota utando na sisimizi wameogelea humo hadi wakachoka.

Tukiwa peke yetu tulimwita Mwenye Ploti. Mbele yake tulimwita Shosho, kama Nairobi nzima inavyowaita bibi zake, ingawa hakuna aliyemzoea kiasi cha kumwita hivyo kwa raha. Ploti ilikuwa Kabiria: vyumba kumi na viwili vya mawe vilivyotazamana, kamba za nguo katikati, na kule nyuma kipande cha ardhi nyekundu ambacho mwenye ploti mwingine yeyote angeongezea vyumba vingine sita. Niliishi pale miaka saba. Miwili ya kwanza nilimwogopa. Wiki moja nilimchukia hasa. Iliyobaki bado sijui niipe jina gani.

Alikuwa na fimbo, kipande cha bomba la maji kilichofungwa mpira wa tyubu ya baiskeli mahali pa kushikia. Hospitalini walimpa mkongojo mzuri wa alumini, akautumia kuinulia tawi la mparachichi. Fimbo ile ya bomba hakuiegemea sana, aliitumia kupimia. Alikuwa ameikwaruza kwa msumeno sehemu tatu: kimo cha mtu aliyesimama bila kuinama, kimo cha aliyekaa kwenye stuli, na kimo cha aliye kwenye kiti cha magurudumu. Ukimsikia akigonga ukutani, tok, tok, ujue kuna kitu hakijampendeza na kesho fundi ataitwa.

Mambo ya vitanda yalianza kabla sijahamia pale. Nilisimuliwa na Karani, mzee wa chumba jirani aliyestaafu kazi ya ofisi za serikali, ambaye ugonjwa wa sukari ulimkata mguu mmoja. Mwenye Ploti alianguka akichimba viazi vitamu, nyonga ikavunjika, akapasuliwa katika hospitali moja kule Parklands. Daktari akamwambia kuinama basi. Alirudi nyumbani, akakaa dirishani wiki mbili akitazama magugu yakimeza shamba lake. Wiki ya tatu akamwita fundi wa mawe, akamwambia kama yeye hawezi kuishukia ardhi, ardhi itapanda.

Kitanda cha kwanza kilijengwa kwa mawe ya kuchonga, kikajazwa udongo na samadi hadi juu. Mwenye Ploti akamwita Karani na kiti chake cha magurudumu ajaribu. Karani akasogea, akanyoosha mkono, na mkono ukapita bega kabla haujagusa mchanga. Mwenye Ploti akamtazama.

"Unapalilia ama unaapa kortini?" akauliza.

Kikabomolewa siku iyo hiyo. Cha pili kilikuwa kipana mno, katikati hapafikiki bila kupanda juu. Hicho nacho kikabomolewa. Cha tatu kilikuwa sawa kwa kila mtu isipokuwa yeye, akakivumilia msimu mmoja, kisha akakivunja. Fundi, alisema Karani, aliacha kufurahia kuitwa. Mwishowe wakakubaliana aina mbili: vya mawe, vyembamba, ambavyo mkono hufika katikati kutoka kila upande, na vya meza, mabati yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ili mwenye kiti apitishe magoti chini na kuusogelea udongo kama anayesogelea sahani.

Wazee wa mitaa ile walianza kuja mmoja mmoja. Wengine walikuwa wazazi wa wapangaji, wengine walitoka Riruta na Kawangware. Mwenye baridi yabisi alikuta koki isiyozungushwa, ya kusukuma kwa kiwiko. Asiyeweza kukunja vidole alikuta kijembe chenye mpini mnene kama gunzi la mahindi. Aliyechoka upesi alikuta ukuta wa kitanda umefanywa mpana ili akae juu yake huku anang'oa. Hakuna kilichokuwa cha duka. Na hakuna kilichodumu mahali pamoja, kwa sababu asubuhi yoyote ungeweza kumkuta ameamua njia iongezwe upana, au kitanda cha spinachi kigeuzwe kitazame mashariki. Mvua ya Aprili ilipoyanasa magurudumu ya Karani kwenye tope, Mwenye Ploti alimkalipia kana kwamba yeye ndiye aliyeita mvua. Kesho yake lori lilimwaga kokoto, na juma lililofuata akaanza kupanga vipande vya kabro, matofali yale ya kutandika njia, ameketi kwenye stuli anayoisogeza shibiri kwa shibiri, hataki asaidiwe.

Kusaidiwa hakukutaka kabisa. Ukimshika kiwiko avuke mfereji, fimbo ilikupata kwenye muundi. Lakini yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kunyakua kiti cha Karani kwa nyuma na kukisukuma anakotaka bila kumuuliza, hadi siku moja Karani akashika magurudumu kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kiswahili chake cha ofisi kwamba kiti hicho kina mwenyewe. Mwenye Ploti alisimama akafikiri. Kuanzia hapo alikuwa anagonga mgongo wa kiti kwanza kama anayebisha mlango. Hakungoja kuitikiwa, lakini alibisha.

Mambo ya maji yalituuma. Kila Jumatano alifunga maji ya vyumba ili tangi la bustani lijae. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alimfuata akilia. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwamba mboga haiwezi kwenda kwa jirani kuomba maji, yeye anaweza. Mama yule alihama. Siwezi kumsifu Mwenye Ploti nikalificha hilo.

Kanisani Riruta alikuwa mtu wa safu ya mwisho, karibu na mlango, na matangazo hayakuwahi kumkuta. Siku moja akina mama wa kanisa walikuja kuona bustani, wakaimba, wakaomba, kisha mmoja akasema ni jambo jema wazee na walemavu wamepatiwa kitu cha kuwapitishia wakati. Mwenye Ploti alikuwa anawafungia sukuma wiki kwenye magazeti. Akaacha kufunga.

"Hapa hatupitishi wakati," akasema. "Tunalima."

Sasa niseme habari ya mama yangu, maana ndiyo iliyonifunga na mwanamke huyu.

Nilimleta Mama kutoka Kitui baada ya presha ya macho kummalizia nuru. Kule alikuwa na shamba la kunde na mbaazi ambalo alilijua kama anavyojua meno yake. Kabiria alikuwa na kitanda cha kulala na kiti. Mimi hushona mapazia katika duka moja mjini, nikitoka asubuhi nikirudi jioni, na Mama alishinda ameweka mikono mapajani akiuliza mpita njia yeyote ni saa ngapi. Nikiwa nyumbani aliniuliza mimi, mara ishirini, mara thelathini, hadi nikawa namjibu kwa ukali, kisha najuta njia nzima hadi kazini.

Mwenye Ploti aliingia chumbani kwetu Jumamosi moja bila kubisha. Alimwona Mama.

"Huyu hufanya nini hapa mchana yote?"

"Haoni, Shosho," nikamjibu.

"Nimeuliza anafanya nini. Sijauliza anaona nini." Akamgeukia Mama. "Mama, mikono nayo iliharibika?"

Mama aliinua mikono, akaigeuza polepole kama mtu anayeikagua. "Mikono iko," akasema.

"Basi toka."

Akatoka. Nilibaki nimeshika pasi yangu, nikiwasikia wanavyokwenda, mmoja akigonga fimbo, mwingine akifuata sauti. Jioni ile Mama alikuwa na udongo chini ya kucha na hakuniuliza saa hata mara moja.

Ikawa hivyo miezi mitatu. Kisha siku moja Mama akapalilia kitanda cha managu, wengine huyaita mnavu, na managu machanga, anayeyajua anajua, ni ndugu wa magugu. Akang'oa mstari mzima. Mwenye Ploti alikuja, akaona rundo, na mbele ya watu wote akasema kipofu asiguse tena kitanda yake. Mama alirudi chumbani akipapasa ukuta. Akakaa. Siku iliyofuata hakutoka, wala iliyofuata. Nilikwenda kumkabili Mwenye Ploti, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaweka tangu nihamie, hata ya maji ya Jumatano. Aliendelea kumwagilia vitunguu. Hiyo ndiyo wiki niliyomchukia. Nilikwenda Riruta kutafuta chumba kingine. Nilichopata kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta, nikarudi nimekata tamaa.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Karani alinigongea dirisha, akaniashiria nije bila kelele. Kule nyuma Mwenye Ploti alikuwa amesimama kando ya kitanda cha managu, amejifunga kitambaa cha kichwa machoni, anapalilia. Alikuwa akishika jani, analisugua kwa vidole, ananusa, anasita, anang'oa. Karani alininong'oneza kwamba alianza kabla ya chai. Alikwenda hivyo hadi mwisho wa kitanda, jasho likimtoka. Kisha akafungua kitambaa na kuchambua lile rundo, mche mmoja mmoja, kama anayechagua mawe kwenye maharagwe. Alisimama hapo muda mrefu kwa mtu kama yeye.

Akaja moja kwa moja chumbani kwetu.

"Mama ya Mwende," akasema kutoka mlangoni. "Nimeng'oa managu mingi kukushinda. Kuja tupange hii kitu vizuri."

 Mama alitafuta viatu vyake kwa miguu.

Walichopanga ni kamba. Kamba ya katani iliyovutwa kitanda kizima, na fundo kila mahali pa mche mmoja. Kilichoota kwenye fundo ni mboga. Kilichoota kati ya fundo na fundo ni magugu, kitoke. Na kwenye pembe za bustani wakapanda vya kunusa: mchaichai penye koki, rozmeri penye lango, mnanaa penye kitanda cha Karani, ili asiyeona ajue amefika wapi. Mama ndiye aliyetoa wazo la mnanaa. Ndiye pia aliyemfundisha Mwenye Ploti kupika majani ya kunde, kitu ambacho Mwenye Ploti alikuwa amekiita chakula ya mbuzi maisha yake yote. Kiswahili chao kilikuwa cha kuokotezana, huyu na lafudhi ya Ukambani, yule ya Kiambu, na walibishana kwa lugha hiyo pungufu kutwa kucha. Nikirudi kazini nilisikia sauti zao kabla sijafika langoni.

Mwenye Ploti alikuwa na wana wawili na binti mmoja. Mwana mkubwa alikuja Jumapili moja akiwa na mtu mwenye futi na karatasi, wakapima kutoka ukuta hadi ukuta wakivuka vitanda kwa uangalifu wasichafue viatu. Mwenye Ploti aliwafungia mboga kama wageni wengine. Walipoondoka tu, fundi wa mawe aliitwa. Tulizoea hivyo: mwana akija, kitanda kipya. Tukacheka kwamba mama huyu anajijengea ngome dhidi ya watoto wake. Tuliamini hakuna wa kumng'oa. Tulisema tingatinga la kubomoa likija atalala mbele yake, na Karani akaapa ataegesha kiti chake kando yake.

Ilani ilibandikwa langoni siku ya kazi. Miezi mitatu, vyumba vyote na uwanja wa nyuma, panajengwa ghorofa. Tulimkimbilia. Alikuwa anafunga nyanya kwenye vijiti. Karani alimuuliza kama ameiona karatasi. Akasema ameiona. Akamuuliza atafanya nini. Akasema kila mtu aandike anakohamia, ili wale wa karibu wagawane miche. Basi. Akaendelea na nyanya.

Miezi mitatu nilimtazama nikingoja. Alitembea kuliko zamani, huku na huko, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini hakusimama mbele ya mtu yeyote. Siku ya mwisho gari la binti yake lilikuja, akaingia kiti cha mbele, akafunga mkanda. Hakuangalia nyuma. Sisi tuliobaki tuliliona tinga likigusa ukuta wa kwanza, na lilihangaika nao kidogo, nakiri, mawe yalikuwa yamekazwa. Ila tinga ni tinga. Kabla ya mchana pote palikuwa tambarare. Karani alichukuliwa na bintiye, akaenda Limuru. Mimi na Mama tulipata chumba Riruta, ghorofa ya pili, ngazi ishirini na sita ambazo Mama alizihesabu mara moja wakati wa kupanda na hakutaka kuzishuka tena. Hakuuliza saa. Ukimya huo ulinisumbua kuliko yale maswali. Nilikuwa naamka, nakwenda dirishani, narudi, natengeneza kitu kisichohitaji kutengenezwa. Na kila nilipomkumbuka Mwenye Ploti nilimkumbuka akifunga mkanda wa gari.

Mwaka na zaidi ulipita. Duka likanituma Parklands kupima madirisha ya fleti, ghorofa ya tatu. Nilikuwa nimeshika futi nikatazama chini kwenye maegesho. Magari mengi yalikuwa yametoka kwenda kazini, na katikati ya nafasi zile tupu kulikuwa na bibi kwenye kiti cha magurudumu, mbele yake kitoroli cha chuma kilichojaa majani mabichi, anakisukuma kwa ncha ya bomba la maji. Nyuma yake vilikuwa vitoroli vingine vitano, vimepangwa juani.

Nilishuka na futi yangu mkononi. Mwenye Ploti aliniona nikija. Alikuwa amekonda, na upande wa kushoto wa mwili wake ulikuwa mzito, kama wa aliyepigwa na kiharusi.

"Mwende," akasema. "Shika hiyo upande ingine. Hii gurudumu huvuta."

Nikashika. Tulisukuma. Alinieleza mambo yake bila salamu: magari hutoka kuanzia saa moja, jua hufika nafasi hizi saa mbili, linahamia zile za kule saa sita, na ifikapo saa kumi vitoroli vyote sharti virudi nyuma ya pipa la taka kabla wenyewe hawajarejea. Askari wa lango anajua ratiba yote. Kamati ya wakazi imeandika barua mbili za kulalamika. Ziko juu ya friji ya binti yake. Kwenye vitoroli kulikuwa na managu, dhania na vitunguu, vimesinyaa kidogo, vikiwa hai.

Sikuweza kujizuia. Nilimuuliza kwa nini alitia sahihi ploti ibomolewe. Kwa nini alituacha.

"Sikusaini wakati huo," akasema. "Nilisaini kitambo. Siku ile walikuwa wananipeleka tieta kupasuliwa hii nyonga. Nilijua sitatoka. Nikawapatia watoto kila kitu, nikafunga macho." Akachuma jani bovu. "Nikaamka. Na ploti si yangu."

"Kwa hivyo miaka hiyo yote?"

"Nilikuwa mpangaji kama nyinyi. Kijana alisema nikae mpaka ajenge. Hakusema lini. Nikadhani nikiweka mawe mingi ataona kazi ya kubomoa, aache."

"Ungetuambia, Shosho."

"Mngepanda?"

Lori la gesi lilipita barabarani, nikasukuma kitoroli hadi kelele ikaisha.

"Mawe ilikuwa makosa," akasema. "Ilifaa magurudumu." Kisha akanitazama kwa lile jicho la kunasa. "Mama yako anapanda wapi?"

Nikamwambia hapandi. Nikamwambia habari za ghorofa na ngazi. Aliuliza kama kuna balkoni, nikasema ipo, ndogo, ya kuanikia nguo. Akauliza jua linaingia hapo saa ngapi na kutoka saa ngapi.

Sikujua. Nilikuwa nimeishi pale zaidi ya mwaka, kazi yangu ni madirisha, na sikujua.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Gari jeupe liliingia langoni kabla ya wakati wake, askari akapiga mluzi mfupi, na Mwenye Ploti akageuza kiti kwa mkono mmoja, ameshasahau kwamba nipo, anakimbiza vitoroli vyake kutoka nafasi ya mwenye gari. Nilimsaidia viwili. Nilipogeuka kumuaga alikuwa tayari anabishana na dereva kwamba amngoje dakika moja, dhania haina gia ya reverse.

Kesho yake sikwenda kazini mapema. Nilisimama balkoni tangu alfajiri nikitazama ukuta wa jirani ukibadilika rangi. Mama alinisikia.

"Unangoja nani?"

"Jua," nikasema. "Nataka kujua linaingia wapi."

Akainuka kitini, akaja akipapasa mlango, akapita kando yangu na kuweka kiganja juu ya ukingo wa saruji, karibu na pembe ya kulia, mahali ambapo mimi niliona kivuli kitupu.

"Linaanzia hapa," akasema. "Saa tatu. Linatembea hadi kwa ile ndoo, linatoka watoto wa shule wakipigiwa kengele ya chakula. Mwezi wa saba linapungua."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Hukuniuliza," Mama akasema, na hakuondoa mkono.